Pumzi ya Mtu wa Belfast

Nilimsikia James Galway mara ya kwanza kwenye kaseti ya mmisionari aliyetufundisha tarumbeta usharikani. Ilikuwa filimbi, si ile ya mwamuzi wa mpira, bali ile ndefu inayoshikwa kwa ubavu. Nilikuwa na miaka 16. Nilingoja apumue, nikaona hapumui. Nikarudisha kaseti nyuma mara nyingi hadi betri zikaisha, na mwalimu hakufurahi.

Baadaye nilipata habari zake. Alizaliwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1939, baba yake mfanyakazi wa karakana ya meli. Alianza na kifilimbi cha bati. Aliacha shule na miaka 14, akajifunza kazi ya kurekebisha piano. Kutoka huko hadi kiti cha kwanza cha filimbi katika Berlin Philharmonic, mwaka 1969! Mimi mtoto wa fundi seremala nilijivunia jambo hilo kana kwamba ni kaka yangu.

Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini nilichohusudu kwake ni vidole tu. Hata nilipopiga ibadani nilipiga ili watu wageuke kutazama. Nayaandika haya kwa aibu.

Kisha bodaboda ikanigonga. Ulivunjika mkono wa kushoto, ndio unaobeba tarumbeta. Nilikaa nyumbani miezi saba. Wapendwa walikuja kuniombea, nikaitikia amina kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nikimuuliza Mungu kwa nini hakuchukua mguu.

Siku moja binti yangu alinisomea kwenye simu habari niliyokuwa siijui. Mwaka 1977, huko Lucerne, Uswisi, Galway naye aligongwa na pikipiki. Alivunjika mkono na miguu yote miwili, akalazwa miezi kadhaa. Alipopona aliamua kwamba kila onyesho atalipiga kana kwamba ndilo la mwisho wake.

Nikamwambia binti yangu asome tena. Mtu angedhani nilifarijika, kumbe niliogopa. Nilijaribu kukumbuka ni wimbo gani nilioupiga Jumapili ile ya mwisho kabla ya ajali. Sikuukumbuka. Nilikumbuka kwamba nilivaa shati jipya.

Usiku huo niliomba kwa mara ya kwanza bila kulalamika. Sikuomba mkono. Niliomba nirudishiwe Jumapili moja tu.

Nilirudi Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kiwiko hakinyooki sawasawa, kwa hiyo wenzangu walinitafutia kiti, nikaegemeza mkono gotini. Sipigi tena sauti ya kwanza. Aliichukua kijana mmoja, na anaipiga vizuri kuliko nilivyoipiga mimi. Mimi napiga ya tatu. Kabla ya ubeti wa kwanza nilivuta pumzi ndefu, na mke wangu anasema aliisikia kutoka benchi la nne.