Ncha za Vidole

Shangazi anauza maandazi karibu na stendi, Singida mjini. Mabaka meupe yalipoanza usoni, wateja walimpa pole. Yalipofika vidoleni, wakaacha kununua. Watu wakisikia mbalanga wanafikiria ukoma. Lakini kwenye ukoma baka hufa ganzi. Shangazi anausikia moto wa karai vizuri kabisa. Mbalanga hauambukizi. Ni kinga ya mwili wenyewe inayogeuka na kuziua seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Michael Jackson alisema kwenye televisheni mwaka 1993 kwamba anao, na hadi leo mtaani kwetu wanasema alijichubua.

Tulipanda basi hadi KCMC, Moshi, kupitia Babati na Arusha. Daktari alieleza tiba: krimu za steroidi, au mwanga wa UVB mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mingi. (Nikawa napiga hesabu ya nauli.) Rangi hurudi kupitia vinyweleo, akasema, kwa sababu seli za akiba hukaa kwenye mashina ya nywele; ndiyo maana huanza kama vitone vidogo. Uso huitikia vizuri. Ncha za vidole hazina vinyweleo.

Shangazi akaitazama mikono yake. "Sasa mwanangu, mimi nakandia unga kwa uso?"

Uso umeanza kurudi. Maandazi siku hizi anayatoa kwa koleo, na baadhi ya wateja wamerudi. Wanamsifu kwa usafi.