Kompyuta Kubwa Si Jibu

Leo tuweke kando hifadhidata na kurasa za wavuti, tuongee fizikia kidogo. Usikimbie! Kuna jambo humu linalomhusu kila anayeandika programu kwa mashine ya bei nafuu.

Swali ni hili: ukizijua kanuni za chembe moja, je, unaweza kukokotoa tabia ya chembe nyingi zikiwa pamoja? Kanuni tunazo. Schrödinger alitoa mlinganyo wake mwaka 1926, na kwa hidrojeni yenye elektroni moja jibu linapatikana kwa kalamu na karatasi. Lakini kipande cha shaba, tone la maji, hata kiini cha atomu ya risasi, vyote vina chembe nyingi zinazosukumana na kuvutana kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kazi ilipo.

Tuihesabu kama waandishi wa programu. Chukua sumaku ndogo kabisa, kila moja ikiwa na hali mbili: juu au chini. Katika fizikia ya kwantamu haitoshi kuweka biti moja kwa kila sumaku. Unahitaji namba moja kwa kila mpangilio unaowezekana. Sumaku 10 zina mipangilio 1,024. Sumaku 20 zina zaidi ya milioni moja.

Niliandika programu fupi kwa Python nione ukuta uko wapi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Sumaku 20 zilikula MB 16 tu. Sumaku 30 zinataka GB 16, mara mbili ya nilizo nazo. Sumaku 50 zinataka karibu GB milioni 17. Zikifika 300, mipangilio inazidi idadi ya atomu katika ulimwengu wote unaoonekana.

Sasa angalia jambo hili vizuri: ukipewa kompyuta yenye kumbukumbu mara elfu moja ya hiyo yako, umeongeza sumaku 10 tu. Kwa hiyo pesa peke yake haiuvunji ukuta huu.

Uliwezaje kupenywa basi? Mwaka 1992 Mmarekani Steven White alitoa mbinu ya kupanga sumaku kwenye mstari na kutupa taarifa zisizo na uzito, kama tunavyobana picha ya JPEG. Picha yenye anga tupu haihitaji kila nukta ielezwe kivyake. Vivyo hivyo, mfumo ukiwa umetulia katika nishati yake ya chini kabisa, mara nyingi upande mmoja wa mstari haukufungamana sana na ule mwingine. Mipangilio mingi ipo kwenye hesabu tu, na maumbile hayaitumii. Nilipakua programu huria moja ya kazi hii (zipo kadhaa, kama ITensor na TeNPy), nikaipa sumaku 100 kwenye laptopu ile ile. Jibu lilitoka kabla chai haijapoa.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi mbinu hizi zinavyosafiri. Mbinu ya White ilizaliwa kwa wanaochunguza sumaku, na kufikia 1999 yeye mwenyewe na mwenzake walikuwa wakiitumia kwa molekuli ya maji. Kuna nyingine iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya viini vya atomu. Unaanza kwa kudhani kila chembe inajitegemea, kisha unasahihisha kwa jozi, halafu kwa tatu tatu. Mwaka 1966 Jiří Čížek aliipeleka kwenye kemia, ikawa kipimo ambacho mbinu nyingine hulinganishwa nacho. Baadaye wanafizikia wa viini waliichukua tena ikiwa imekomaa. Mwaka 2022 ilikuwa mojawapo ya zilizotumika kukokotoa risasi-208, yenye protoni 82 na neutroni 126, na hesabu hiyo inasaidia kuelewa hata nyota za neutroni. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Mfano mwingine uko karibu zaidi na fani yetu. Juni 2023 IBM ilichapisha jaribio la kompyuta yake ya kwantamu yenye kyubiti 127, kuonyesha kwamba inaweza kutoa majibu ya kuaminika katika hesabu ngumu. Haukupita muda mrefu, makundi kadhaa yakarudia hesabu ile kwa kompyuta za kawaida. Kundi moja la Flatiron Institute, New York, liliona kwamba kyubiti zile zimeunganishwa kwa umbo linalokaribia matawi ya mti, likatumia umbo hilo kurahisisha hesabu. Ukisoma kichwa cha habari kinachosema kompyuta za kawaida zimeshindwa, basi, uliza kwanza: zimeshindwa kwa mbinu ipi?

Tusidanganyane, ukuta bado upo. Sumaku zikitandazwa kama mkeka badala ya mstari, au zikifungamana mno, ubanaji unagoma. Kuna vitu vilivyogunduliwa mwaka 1986 vinavyopitisha umeme bila kuupoteza, tena katika baridi isiyo kali kama ile ya vitu vya namna hiyo vilivyojulikana awali. Mpaka leo hakuna nadharia inayokubaliwa na wote kuvieleza. Elektroni zake ni nyingi na zimefungamana.

Vijana wengi hapa Kenya huniambia sayansi ya namna hii ni ya wenye kompyuta za kujaza jumba. Kompyuta hizo zina kazi yake, sikatai. Lakini aliyegundua kipi cha kutupa alifika mbali kuliko aliyeongeza RAM, na kutafuta cha kutupa hakuhitaji jumba. Programu ni za bure, na hesabu zenyewe zinaanza na aljebra ya matriki, ile ile tunayofundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Jaribu sumaku 10 leo jioni, kisha 20. Ukifika 30 utajua kwa nini nimeandika haya.