Magurudumu ya Mti Mjini Goma

Msafiri aingiaye Goma, mji wa Kongo unaopakana na Gisenyi ya Rwanda, hukutana mara na chukudu: chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kisicho na pedali wala mnyororo.

Gurudumu lake huchongwa kwa mti mgumu, likavikwa ukanda wa tairi kuukuu la gari uliopigiliwa misumari. Mti hudumu, mpira ndio uchakaao, kwani mawe ya volkano, yale yaliyomwagwa mjini na Nyiragongo mwaka 2002, hukwaruza kama tupa. Basi fundi hubandua ukanda, hupigilia mwingine, na gurudumu lile lile hurudi kazini.

Kutoka Kibumba, upande wa kaskazini, chukudu huteremsha kabichi, viazi na makaa, uzito ambao punda angeukataa. Breki ni kipande cha tairi tu, kikandamizwacho kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Sisi tuliozoea breki za waya tulicheka, mpaka tulipouona mteremko wenyewe. Mpira wa nyuma ukilika, breki hugusa mti mtupu nayo huteleza. Ndiyo sababu mwendeshaji mzoefu huinama kulipapasa gurudumu hilo kabla ya kupakia hata gunia moja.

Kurudi mlimani, husukuma.