Mwembe wa Babu Huko Makobola

Baba yangu alikuwa Muha wa Kigoma, na mama yangu ni Mbembe wa Makobola. Jioni, jua likishuka nyuma ya milima ya Kongo, mama alitunyoshea kidole ng'ambo ya ziwa akasema, "Kwetu ndiko jua linakolala." Alivuka mwaka 1965, msichana mdogo, pamoja na shangazi yake, wakikimbia vita ya waasi. Babu na mjomba walibaki. Mama hakuwaona tena.

Hata mwaka 2024 tukasikia kwamba tarehe 18 Agosti, mjini Uvira, wafiadini wanne watatangazwa wenyeheri: Padre Luigi Carrara, Padre Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, wamisionari Wasaveri kutoka Italia, na Abbé Albert Joubert. Waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Mama alitamani sana kwenda, lakini miguu ilikataa. Akanituma mimi. "Ukitoka Misani, fika Makobola ukaniangalizie mwembe wa baba yangu."

Usiku ule ule mtoto wa mjomba akanipigia simu kutoka Marekani, alikohamishiwa kutoka kambi ya Nyarugusu. "Kiwanja cha babu ni chetu. Ulizia bei yake." Basi nikasafiri na kazi mbili ambazo hazikupatana.

Nilipita Bujumbura, nikavuka mpaka, nikafika Uvira. Kardinali Fridolin Ambongo ndiye aliyeongoza ibada, kwa niaba ya Baba Mtakatifu. Umati ule siwezi kuueleza. Mawazo yangu yalimwendea hasa Abbé Joubert. Baba yake, Kapteni Joubert, alikuwa Mfaransa, askari wa Papa wa zamani, aliyekuja Afrika mwaka 1880, akaoa mwanamke wa huku, Agnes, na akafa huku huku ziwani mwaka 1927. Mtoto wa damu mbili, kama mimi. Watu wa Uvira siku ile hawakuuliza kwao ni wapi.

Kesho yake nikapanda gari la kwenda Baraka. Njia inafuata ziwa: maji kushoto, milima kulia, na pengine milima inasogea hata unadhani itakusukuma majini. Makobola ni mbili, ya kwanza upande wa Uvira, ya pili upande wa Fizi. Yetu ni ya pili. Niliposhuka, njaa ilinishika, nikaomba mgebuka. Mama muuzaji akacheka. "Huyo hapa ni mukeke, baba!" Samaki mmoja, ziwa moja, nikalipa, nikala.

Kwanza nikaenda makaburini. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za mwanzo za Januari 1999, watu waliuawa hapa na katika vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inataja zaidi ya watu 800. Babu na mjomba wamo. Wamelala shimo gani, hakuna wa kuniambia. Nilikuwa na mishumaa miwili. Upepo wa ziwani ukaizima mara tatu, nikaiweka chini hivyo hivyo nikasali fungu moja la Rozari.

Kisha mzee mmoja aliyemfahamu babu akanipeleka kiwanjani. Mwembe upo, mkubwa, ingawa Agosti haukuwa na tunda. Chini yake palikuwa na nyumba ya matofali mabichi, na bibi mmoja akitwanga sombe, wajukuu wamemzunguka. Walishuka kutoka milimani kwa sababu ya vita. Bibi alipoambiwa mimi ni nani, mchi ulisimama. Akanipa kiti. Akauliza polepole, "Mwanangu, umekuja kutuondoa?"

Nikajibu, "Nimekuja kusalimia tu, mama." Huo haukuwa ukweli wote, na naliungama baadaye. Akaniletea ugali wa muhogo na sombe, chakula ambacho naona aliwatengea wale watoto. Kukataa kungekuwa tusi. Nilikula kidogo, wao wakinitazama.

Njiani yule mzee akanieleza bila kuulizwa. "Wewe ni mwana wa dada yetu. Hapa utakula siku zote. Kuuza siyo kazi yako." Nilifurahi kusikia hivyo, nakiri, maana lilinitua mzigo. Lakini mwenye haki ni yule ndugu aliyeko Marekani, aliyekulia kambini bila baba, na yeye hakula sombe ile. Nilipompigia simu na kumweleza, alinyamaza. Halafu akasema, "Wewe ulikwenda kutembea. Sisi tulikimbia." Miezi miwili hatukusemezana.

Nilipofika Kigoma mama alikuwa ameketi mlangoni.

"Mwembe upo?"

"Upo, mama."

"Nani anaokota maembe?"

"Watoto waliotoka mlimani, na bibi yao."

Akawaza kidogo. "Wanaitwa nani?"

Sikuwa nimeuliza.