Laptopu imeganda, nikataka ng'ombe auzwe!

Wiki hii sina kisa cha mapenzi, kwa hiyo kama umefungua ukurasa huu kutafuta nani kamwacha nani, nivumilie kidogo. Nina kisa cha laptopu, ng'ombe na mzee wangu, na nusura siku hiyo nyumbani pachimbike.

Sisi kwetu ni Old Moshi. Ukifika Kiborloni unaacha barabara kubwa, unapanda kuelekea Kidia, huko kwenye migomba, kahawa na baridi. Laptopu yangu ni ya mtumba, memori GB 8, na ilipatikana baada ya mzee kuuza mtamba. Ndiyo maana pale nyumbani ile siyo laptopu, ile ni ng'ombe. Mama akinikuta naangalia muvi ananiuliza, "Huyo mtamba wetu leo ametoa lita ngapi?"

Sasa, kuna jamaa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini alitaka nimtengenezee programu ya stoo. Seva moja ikae ofisini, kompyuta ya karani isome humo. Akanipa wiki mbili nimwoneshe inavyofanya kazi, ndipo tuongee hela. Dili hilo, aisee! Tatizo, kompyuta za kufanyia majaribio sina. Ninayo moja tu.

Nikaingia kwenye mashine pepe. Usiogope jina. Ni kompyuta ndani ya kompyuta: unaweka programu kama VirtualBox, halafu ndani yake unawasha Windows au Linux nyingine kana kwamba umenunua mashine mpya. Haina boksi wala waya. Na wala si mambo ya jana. IBM walikuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatangaza VM/370, ili mashine moja ya bei ya kuua itumiwe na watu wengi. VMware waliileta kwenye kompyuta za kawaida mwaka 1999, VirtualBox ikafuata mwaka 2007.

Basi nikatengeneza tatu. Windows ya karani nikaipa GB 4. Linux yenye madirisha na mapambo, GB 2. Seva, GB 2. Nne, mbili na mbili ni nane. Hesabu imetimia, nikajiona bingwa. Kila nilipopanga moja, ule mstari wa memori ulibaki kwenye rangi ya kijani, maana VirtualBox iliniuliza habari ya mashine moja moja. Jumla hakuna aliyeniuliza.

Nikaziwasha zote. Mama yangu! Kipanya kikawa kinatembea kama bibi harusi. Ukibonyeza kitu leo, jibu kesho. Feni inavuma, taa ya diski haizimiki, mwisho kioo kikaganda kabisa. Nikazima kwa nguvu, nikawasha tena, yale yale. Siku tatu nikawa nagombana na chuma, na zimebaki nne nimwone tajiri.

Ndipo nikafanya ujinga. Jioni nikamfuata mzee, nikamwambia, "Baba, hii mashine imekufa. Tukimuuza yule aliyebaki, nikanunua mpya, hela itarudi mwezi huu huu." Mama akaacha kumenya ndizi. Maziwa ya yule ng'ombe ndiyo nauli na daftari za mdogo wangu wa kike, na mimi nalijua hilo vizuri kabisa.

Mzee hakufoka. Akauliza, "Imekufaje?" Nikamweleza nilivyoigawa. Akafikiri, kisha akaniuliza, "Hizo tatu umezipa zote nane. Na yenyewe inayozibeba umeiachia nini?"

Nikakosa jibu. Akaendelea: "Unakumbuka siku ile ya zamu yetu ya maji?" Nikakumbuka, na aibu juu. Nilikuwa na miaka kama tisa. Kule kwetu maji ya mfongo huenda kwa zamu, utaratibu uliokuwepo kabla ya Wajerumani. Zamu yetu ilipofika, mimi nikafungua michepuko mitatu kwa mpigo (siyo michepuko ile unayoijua wewe!) ili nimalize haraka nikacheze mpira. Maji yakanywewa na udongo njiani, hayakufika kwenye mgomba hata mmoja. Zamu ikaisha, jirani akafungua kwake.

Mzee kompyuta haijui hata kuiwasha, lakini usiku ule nilifungua Task Manager kabla ya kuwasha mashine pepe yoyote. Nikabaki mdomo wazi. Windows yangu yenyewe na brauza zilikuwa zimeshakula zaidi ya GB 3! Kumbe nilikuwa nagawa chakula kilichokwisha kuliwa. Mashine pepe haiji na memori yake mfukoni. Inakula sahani ya mwenye nyumba.

Na memori ikiisha, kompyuta haisemi imeisha. Inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, inavirudisha, inavihamisha tena. Diski yangu ni ile ya kuzunguka, na mbele ya memori diski hiyo ni kobe. Ile taa isiyozimika ndiyo ilikuwa kilio chenyewe. Ukiibana sana mashine pepe nayo inafanya hivyo hivyo ndani yake, na diski yake ni faili tu kwenye diski yako. Hapo mzigo unakuwa mara mbili.

Nikapanga upya. Ile Linux ya mapambo nikaifuta, haikuwa na kazi yoyote, nilipenda sura tu. Seva nikaijenga kwa Linux isiyo na madirisha, maandishi matupu, ikatosheka na GB 1. Windows ya karani nikaijaribu kwa GB 2, ikawa inajivuta kidogo lakini inafanya kazi. Jumla 3, mwenye nyumba akabaki na 5. Prosesa yangu ina koa mbili, basi kila mashine ikapata moja. Brauza nikaifunga.

Ikatembea, bwana! Siyo kama pikipiki mpya, lakini ilitembea.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayejifunza haya mambo geto, kwanza mwachie mwenye nyumba fungu lake, ndipo ugawe. Washa ile unayoitumia sasa hivi. Kuificha chini ya kioo hakurudishi memori, izime, au hifadhi hali yake uje uendelee baadaye. Na kabla ya kununua mashine mpya, mwulize fundi kama yako inaongezeka memori na kama diski inabadilika kuwa SSD. Nenda na laptopu yenyewe, maana DDR3 haiingii penye DDR4, na kuna laptopu ambazo memori imechomelewa humo humo.

Siku ya tajiri nilifika na laptopu ile ile. Nikaandika mifuko kumi ya saruji kwa karani, ikaonekana kwenye seva. Akatabasamu, akatoa nusu ya hela. Nusu ya pili hadi leo ni longolongo, lakini hicho ni kisa cha wiki nyingine.

Niliporudi nilimkuta mzee anakata majani. Nikamwambia imekubali. Akasema tu, "Basi chukua ndoo, zamu yako ya kukamua." Nikaenda, nikakamua, wala sikunung'unika.

Wikiendi njema!