Kazi Tatu za Kiyoyozi

Methali zetu hazikubaliani juu ya vitu vikuukuu. Moja yatwambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ni wasia wa mtu anayeamini matengenezo. Nyengine yasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na ndani yake mna kicheko cha aliyekwishaona watu wakikimbilia vipya na kuumia navyo. Ya tatu, kwamba ya kale ni dhahabu, hutajwa zaidi na wale wasiolipa gharama za kuyatunza. Nimeishi na methali hizi zaidi ya miaka hamsini, nami sikupata kuzitaka zinitolee hukumu mpaka mwanzoni mwa mwaka 2024, pale kiyoyozi cha chumba cha mama yangu kilipoanza kupuliza hewa ya moto.

Nyumba yetu imo Mji Mkongwe wa Unguja. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye dari za boriti za mikoko, na chumba cha mama kiko juu, upande wa magharibi. Kiyoyozi kilitumwa mwaka 2007 na kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati, naye mwenyewe akaja likizo kusimamia ufungaji wake. Kaka alifariki huko huko mwaka 2016. Mimi na magazeti tunakiita kiyoyozi, mafundi wanakiita eisii, na mama hajakiita kamwe kwa jina jengine ila “mashine ya kaka yako”. Nililizowea jina hilo, kama mtu anavyolizowea neno la kawaida katika shairi akalipita bila ya kulitafakari.

Fundi aliyekuja kukipima alikuwa kijana mtaratibu. Alipaka povu la sabuni penye viungo vya mabomba, akangojea, kisha akafungua sehemu ya ndani na kupaka tena, mpaka akaona vipovu vidogo vikichomoza.

“Mzee wangu,” aliniambia, “gesi haiishi kama mafuta ya taa. Ukiiona imepungua, jua pana inapotokea.”

Na ndivyo ilivyo. Gesi ya kiyoyozi hailiwi na kazi yake. Huzunguka daima baina ya koili ya ndani, inapogeuka mvuke na kufyonza joto la chumba, na koili ya nje, inapofika baada ya kubanwa na kompresa na kulitupa joto hilo uwanjani. Mfumo uliofungika barabara waweza kukaa na gesi yake ya siku ya kwanza mpaka uzee wa mashine yenyewe. Kwa hivyo kujaza gesi kila mwaka pasi na kuziba tundu si matengenezo; ni kodi.

Lau kama ingelikuwa kapasita imeungua, au mpira wa kutolea maji umeziba, au chujio limejaa vumbi, shauri lingelikwisha siku ileile kwa fedha za sokoni. Lakini tundu letu lilikuwa katika koili ya ndani, na koili ya nje nayo ilikuwa imeliwa na chumvi, mapezi yake ya alumini yakimeguka kama mkate mkavu. Mashine za aina hii hukadiriwa kuishi kati ya miaka 10 na 15, na kwetu pwani, ambako upepo hubeba chumvi usiku na mchana, umri huo hupungua. Yetu ilikuwa na miaka 17.

Tena palikuwa na suala la gesi yenyewe. Kiyoyozi chetu kilitumia gesi iitwayo R-22, ambayo huila tabaka ya ozoni inayotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza safari ya kuziondoa gesi za namna hiyo, na nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo, zimekubali kuipunguza R-22 hatua kwa hatua hata ifikapo mwaka 2030 iwe karibu yote imeondoka. Si gesi unayoweza kuibadilisha kwa yoyote uipendayo, mashine ikabaki ileile. R-410A, iliyoifuata, haidhuru ozoni, lakini hufanya kazi kwa shindikizo kubwa zaidi kwa kiasi cha asilimia 60, na mabomba ya zamani hayakuundwa kwa nguvu hizo. Mashine nyingi za sasa hutumia R-32, ambayo uwezo wake wa kuipasha dunia joto ni chini ya nusu ya ule wa R-22, ingawa yenyewe hushika moto kidogo na hutaka fundi anayeijua.

Mafundi wana kanuni yao: gharama ya kutengeneza ikifika nusu ya bei ya kipya, na mashine imekwishakula sehemu kubwa ya umri wake, usitengeneze. Koili, kama ingelipatikana, pamoja na gesi na ujira, ilikaribia nusu hiyo. Hesabu ilikuwa imekamilika, nami nikampelekea mama baada ya sala ya alasiri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata.

“Mwanangu,” alisema, “mie joto nimezaliwa nalo. Lakini mashine ya kaka yako mnaipeleka wapi?” Kisha akatazama makasha mawili yaliyokuwa chini ya dirisha. “Na hizo karatasi za babu yako?”

Makasha hayo yana tungo za babu, mzaa mama, alizoziandika kwa khati za Kiarabu katika madaftari ya skuli na nyuma ya risiti za karafuu. Ndizo ninazozihawilisha kwa herufi za Kirumi na kuzifasiri kidogo kidogo, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kuifanya, kwani sikukaa katika darasa lolote la fasihi. Yaliwekwa chumbani mwa mama kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na hewa kavu.

Kila mfasiri hukutana na neno ambalo katika lugha ya kwanza hubeba maana tatu kwa pamoja, na katika lugha ya pili halina mwenza. Akishikilia kutafuta neno moja la kulilingana, atahangaika mwaka mzima. Njia ni kuuliza kwanza neno lile lilikuwa likifanya kazi gani katika ubeti, kisha kuipa kila kazi neno lake. Maswali mawili ya mama yalinionesha kuwa kiyoyozi kile kilikuwa neno la aina hiyo. Kilimpoza mama, kilizikausha karatasi, na kilimweka kaka nyumbani. Kanuni ya nusu bei haikujua ila kazi moja tu katika hizo.

Nikaanza na ya kwanza. Mzee wa umri wa mama hatoki jasho kama kijana, wala kiu haimpigii hodi mapema, kwa hivyo joto la usiku kwake si kero tu bali ni hatari. Lakini joto lenyewe latoka wapi? Ukuta mnene wa mawe hulipokea jua la alasiri taratibu, na hulitoa taratibu vilevile, saa nyingi baadaye, watu wakiwa wamelala. Waliozijenga nyumba hizi walilijua hilo. Walikata tundu juu ya milango, wakaweka madirisha ya vibao, wakaacha uwanda katikati ya nyumba ili hewa ya moto ipande na kutoka. Kiyoyozi hutaka kinyume chake: hutaka chumba kizibwe. Kilipofungwa, tundu zilizibwa kwa mbao na vibao vikapigiliwa misumari, na tangu hapo mashine ikawa kila usiku ikipigana na joto la ukuta lililokosa pa kutokea.

Kwamba chumba kile kiliweza kuishi bila ya mashine tulikwishakuona. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme, baada ya kuharibika njia inayouleta kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Ilikuwa miezi ileile ya kaskazi, ya joto kali kuliko yote. Tuling'oa zile mbao, tukafungua vibao, na mama akalala. Hakulala kwa raha ya peponi, lakini alilala. Umeme uliporudi, mbao zikarudi mahali pake, kwa kuwa mashine ilikuwa mpya na kila mtu aliifurahia.

Basi safari hii tuliitengeneza nyumba kabla ya kununua chochote. Seremala alizifungua tundu na kuvirudishia vibao bawaba zake. Mwashi aliikwangua saruji iliyopakwa upande wa nje wa ukuta na kuirudisha chokaa, kwani ukuta wa matumbawe ukifunikwa saruji unyevu hukwama ndani. Tukatundika feni ya darini. Feni ya namna hiyo hula kiasi cha wati 70, ilhali kiyoyozi cha zamani cha BTU 12,000 hula zaidi ya wati 1,000; pale inapotembea mashine moja wangeliweza kutembea mafeni kumi na zaidi. Feni haipozi hewa, husaidia tu jasho likauke, na zipo siku za Februari na Machi ambapo hewa yenyewe imejaa maji na jasho halikauki. Kwa siku hizo tulinunua kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000, cha inveta, ambacho hupunguza mwendo chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka. Sanduku lake la nje tuliliweka upande wa uwandani, mbali na upepo wa bahari. Huwashwa usiku wa dhiki tu, madirisha yakifungwa, na usiku mwengine hulala.

Kazi ya pili ilinishangaza zaidi. Kiyoyozi cha kisasa asili yake hakikuundwa kwa ajili ya mwili wa binaadamu. Mwaka 1902, mhandisi kijana wa Marekani aitwaye Willis Carrier alitakiwa kuisaidia nyumba ya uchapaji huko Brooklyn, ambako unyevu wa kiangazi ulizifanya karatasi zitanuke na kunywea, hata rangi zikawa hazikai mahali pake. Alichokiunda kilikuwa cha kudhibiti unyevu wa hewa; raha ya watu ilikuja baadaye. Karatasi, basi, ndizo zilizokuwa wageni wa kwanza wa chombo hiki.

Lakini mgeni huyo hapendi kubadilishiwa hali kila kukicha. Karatasi huumia kwa unyevu unaopanda na kushuka, na kuvu humea upesi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu, jambo ambalo kwetu katika masika ni la kawaida. Chumba cha mama kilikuwa kikavu usiku na chepesi wa maji mchana, mashine ikizimwa. Makasha tuliyahamishia chumba kidogo cha kati kisicho na ukuta wa nje, tukayainua juu ya mbao, mbali na kuta, na kununua mashine ndogo ya kuondoa unyevu ambayo hutembea mchana na usiku. Kila wiki naimwaga ndoo yake, na kila nimwagapo huwaza kuwa maji yale yangelikuwa ndani ya madaftari ya babu.

Ikabakia kazi ya tatu, na hiyo haina duka. Tulimtafuta fundi mwenye chombo cha kuivuta gesi na kuihifadhi katika mtungi, kwani kuiachia hewani ni dhambi juu ya dhambi. Shaba na alumini zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama hakusema neno siku ile. Aliomba rimoti tu, akaitia katika mkoba wake pamoja na tasbihi.

Usiku wake nilikaa naye na kumwomba anihadithie siku ilipofungwa ile mashine. Alikumbuka yote: kaka alivyogombana na fundi kuhusu usawa, alivyokataa kula mpaka hewa baridi itoke, alivyomwita mama aje asimame mbele yake na kusema, “Mama, sasa hata Februari utajifunika shuka.” Nililiandika neno kwa neno, kwa lugha yake, bila ya kulipamba.

Anayeniuliza leo kama atengeneze au abadilishe, humwambia asianze na bei. Na ahesabu kwanza chombo chake kinafanya kazi ngapi, na kwa ajili ya nani. Sisi tulibadilisha mashine, tukaitengeneza nyumba, na kile kisichobadilika wala kutengenezeka tukakiandika. Karatasi hiyo imo ndani ya kasha pamoja na za babu, nayo, kama zile, inahitaji kukingwa na unyevu.