Miezi Mitatu ya Garanti

Wageni waliokuja Butembo, mashariki mwa Congo, baada ya mwaka 2014 kuangalia hali ya wakimbizi wa vita walikuwa wakiuliza kwanza kambi iko wapi. Tuliwajibu kwamba kambi ni sisi. Mahema hayakuonekana kwa sababu watu waliingia majumbani: kwa shangazi, kwa mkwe, kwa mtu waliyesali naye parokia moja, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akinunua kahawa yao. Wasio na ndugu walipanga chumba. Mgeni alitazama mji wenye maduka ya ghorofa, pikipiki, na machukudu, zile skuta za mbao, yanayoteremka mlima na mizigo ya kuni, akaona watu wote wana paa, akaondoka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika komini ya Bulengera. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma na jiko la udongo nyuma. Mauaji ya raia pande za Beni, kaskazini kwetu, yalipoanza Oktoba 2014, tulijifunza kusikiliza redio kwa namna mpya. Likitajwa jina la kijiji jioni, Oicha, Mbau, Eringeti, tulijua kwamba baada ya siku chache watu wa huko watakuwa kwenye barabara ya Butembo, magodoro yamefungwa nyuma ya pikipiki. Agosti 13, 2016 ikawa Rwangoma, mtaa wa mji wa Beni wenyewe, na safari hiyo walikimbia hata waliokuwa wamepokea wakimbizi. Mwenyeji naye akawa mgeni wa mtu.

Kwetu Wanande, kupokea mgeni si jambo la kujadili. Zamani kila boma lilikuwa na kyaghanda, kibanda cha kuotea moto ambamo kesi zilikatwa na msafiri alilala bila kuulizwa atakaa siku ngapi. Lakini kyaghanda ilikuwa na shamba nyuma yake. Mjini, mgeni anakula unga ulionunuliwa sokoni, na maji yanabebwa kwa bidoni kutoka chemchemi bondeni. Kwetu jamaa ya shemeji yangu ilikaa chumba kimoja, watoto wetu wakalala sebuleni, na nilisahihisha madaftari jikoni kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi. Tulifurahi kuwa nao na tulichoka nao. Yote mawili ni kweli, na sioni sababu ya kuficha la pili.

Baada ya muda, aibu iliwatoa watu kwa ndugu zao. Hakuna aliyewafukuza, waliona wenyewe sufuria inavyogawanywa. Ndipo walipoingia kwenye soko la vyumba, na soko hilo lina kanuni zake. Kwanza unampata komisioneri, kijana anayejua nani ana chumba wazi, naye anataka malipo yake kabla ya kitu kingine. Kisha mwenye nyumba anadai garanti, yaani amana, mara nyingine ya miezi sita, kwa dola, taslimu. Sheria namba 15/025 ya Desemba 31, 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Sikumbuki kumsikia komisioneri hata mmoja akiitaja.

Nisiwalaumu wenye nyumba kuliko wanavyostahili. Matajiri wa Butembo wana maghorofa yao katikati ya mji, lakini vyumba vya maskini vinamilikiwa na watu walio karibu maskini: mjane aliyejenga vyumba vinne nyuma ya nyumba yake, mwalimu aliyestaafu bila pensheni. Mama mzee mmoja jirani yetu aliniambia waziwazi, “Mwalimu, nikiwahurumia hawa, mimi nani atanihurumia?” Vyumba vile ndivyo vilivyokuwa vinamlisha. Sikuwa na jibu, na serikali, iliyopaswa kuwa na jibu, haikuwepo kwenye mazungumzo yetu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaona likiandikwa inavyostahili. Wengi wa waliokimbia hawakuwa watu wasio na mali. Walikuwa na kakao, kahawa, mihogo, ndizi, lakini mashamba yalibaki nyuma, upande wa msitu ambako waasi wa ADF walikuwa wakivizia. Mwisho wa mwezi ulipokaribia na mwenye nyumba akaanza kugonga mlango asubuhi, baba wa familia aliaga kimya kimya, akarudi shambani kwake kuiba kakao yake mwenyewe. Alikwenda na wenzake wachache, wakavuna haraka, wakarudi na gunia. Wengine hawakurudi. Katika mtaa wetu tulikaa matanga ya watu wa namna hiyo, na kila mara ilisemwa kwamba wameuawa na vita. Ni kweli. Ila kilichowatoa mjini, mahali penye usalama kiasi, wakarudi kwenye panga, kilikuwa kodi ya chumba kimoja chenye sakafu ya udongo.

Tangu nilipoelewa hilo, niliacha kuona makazi kama jambo la huruma. Nililiona kama jambo la ulinzi wa raia. Serikali inayolipa askari wa kulinda barabara ya Oicha ina sababu ileile ya kulipa garanti ya mtu ili asilazimike kupita barabara hiyo.

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa Mangina Agosti 1, 2018, ikaingia Beni, ikaingia Butembo, na ilipotangazwa kwisha Juni 25, 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Mengi yameandikwa juu ya chanjo, juu ya vituo vilivyoshambuliwa, juu ya uchaguzi wa Desemba 2018 ambao Beni na Butembo tulinyimwa. Juu ya kodi, machache. Wafanyakazi wa mapambano dhidi ya ugonjwa walikuja kwa mamia, wenye mishahara ya dola, wakatafuta nyumba nzuri. Waliokuwa katika nyumba nzuri wakasogea kwenye nyumba za wastani, wa wastani wakashuka kwenye vyumba, na waliokuwa kwenye vyumba wakasukumwa pembezoni, kwenye vibanda vya miti na udongo vilivyojengwa kwenye miteremko ambako mvua inabomoa ukuta. Nakumbuka wauguzi waliokuja mtaani kumfuatilia mama mmoja kwa zile siku 21 baada ya kumgusa mgonjwa. Walikuta mpangaji mwingine. Mama yule alikuwa ametolewa wiki hiyo, na hakuna aliyejua amewapeleka wapi watoto.

Ndipo tulipoanza kukutana baada ya misa, walimu kadhaa, akina mama wa sokoni, fundi mmoja wa kujenga, na katekista wetu. Tulifungua likirimba ya garanti. Kila mmoja alichanga kidogo kwa wiki, na pesa hiyo haikupewa mkimbizi mkononi; ililipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, mbele ya shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, kwa karatasi yenye sahihi. Garanti si kodi. Ni amana, na mpangaji akitoka bila kuvunja kitu inarudi. Kwa hiyo iliporudi, iliingia kwenye sanduku na ikamsubiri mwingine. Wenye nyumba walitupenda, maana tulikuwa wadhamini wasiokimbia. Tuliwaomba kitu kimoja tu: miezi mitatu kama sheria inavyosema, isizidi. Wengi walikubali.

Sanduku lilikauka, kama ilivyotarajiwa. Likirimba ya watu wasiolipwa vizuri haiwezi kubeba mji. Baada ya Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure, darasa langu lilifurika watoto wa waliohama, na prime ya wazazi, ile nyongeza iliyokuwa ikitusaidia walimu, ikakatika. Tukaamua kuandika. Memorandamu yetu ilikuwa na kurasa mbili, kwa Kifaransa kwa sababu ofisini Kiswahili kinaonekana cha sokoni. Tuliomba mfuko wa umma wa garanti, wa kuzunguka kama likirimba yetu, na mabati na matofali kwa familia mwenyeji itakayokubali kuongeza chumba na kutodai kodi kwa mwaka mmoja.

Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu mwenye adabu. Alisoma yote. Kisha akasema, “Mambo ya wadeplase, hao waliohamishwa na vita, ni ya mashirika. Muende kwa mashirika.” Katekista akamjibu, “Mheshimiwa, sisi si raia wa mashirika.” Ofisa alicheka, na sisi tukacheka, na mkutano ukaisha hapo.

Nilipofika nyumbani nilitafuta Katiba ya Februari 18, 2006. Kifungu cha 48 kinasema haki ya makazi bora inahakikishwa. Kifungu cha 175 kinawapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe pale pale yanapokusanywa. Cha 181 kinaunda Kasha la Taifa la Usawazishaji, lenye asilimia 10 ya mapato, kwa ajili ya kupunguza tofauti ya maendeleo kati ya majimbo. Hayo si maombi ya walimu wa Bulengera. Ni sheria mama. Lakini ile asilimia 40 imebaki ugomvi kati ya Kinshasa na majimbo kwa miaka yote hii, na mpango mkubwa wa maendeleo wa wilaya 145 ulipokuja, ulijenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Shule tunazihitaji. Ila mwanafunzi wangu aliyelala chini ya veranda ya duka hakusaidiwa na dawati jipya.

Mei 2021 ikaja hali ya dharura ya kijeshi. Gavana akawa jenerali, mameya wa Beni na Butembo wakawa maofisa wa polisi, na bunge la jimbo likasimamishwa. Hapo hata mlango wa kubisha ukapotea, kwa maana bajeti ya jimbo haikuwa tena na mbunge wa hapa wa kuitetea au kuipinga.

Tusidanganywe kwamba pesa hazipo. Februari 9, 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamuru Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vya 1998 hadi 2003, na kati yake milioni 40 ni za mali iliyoharibiwa. Beni na Butembo zilikuwemo katika madai ya mali. Desemba mwaka huohuo sheria ikaunda FONAREV, mfuko wa taifa wa fidia kwa wahanga. Jirani zetu Kenya wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri analipa kiasi hichohicho, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Wakenya wamelalamika, wamekwenda mahakamani, na sheria ikaandikwa upya mwaka 2024. Natamani ugomvi wa namna ile. Mtu anayegombania jinsi pesa ya nyumba inavyokusanywa amekwisha kukubaliwa kwamba nyumba ni kazi ya serikali.

Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Safari hii watu hawakutoka kaskazini. Walipanda kutoka kusini, kupitia Kayna, Kirumba na Lubero, huku wengine wakikimbia kutoka Manguredjipa upande wa magharibi. Butembo ikapokea pande zote kwa pamoja. Walilala madarasani, wakaamka alfajiri kufagia kabla wanafunzi hawajaingia. Garanti ikapanda tena.

Januari 2025 Goma, makao makuu ya jimbo, nayo ikaanguka, na serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini ikahamia Beni, ambako iko hadi leo ninapoandika. Gavana na ofisi zake wamekuwa, kwa maneno ya sheria, watu waliohamishwa na vita ndani ya nchi yao, na wamepokelewa vizuri, kama kawaida yetu. Ni kilomita 54 tu kutoka Beni hadi Butembo. Kwa hiyo ninaomba upya, safari hii bila kupanda ndege kwenda Goma: mstari mmoja katika bajeti ya jimbo, mfuko wa garanti ya miezi mitatu, ulipwe kwa mwenye nyumba mbele ya shefu wa kartiye, urudi sandukuni mpangaji akitoka. Karatasi tulizotumia tunazo bado, na tuko tayari kuzileta.